Carl Czerny, mwalimu wa Vienna: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aliyejifunza piano kwa vitabu lazima alikutana na jina hili juu ya ukurasa uliojaa nota nyeusi. Wengi hawakuendelea kumjua zaidi ya hapo. Maswali haya ndiyo wanafunzi na wazazi wao huniuliza mara nyingi, baadhi kwa udadisi, baadhi kwa kukata tamaa.

Czerny alikuwa nani hasa?

Carl Czerny alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 21 Februari 1791, akafariki katika mji huohuo tarehe 15 Julai 1857. Alikuwa mpiga piano, mtunzi na mwalimu. Alifundishwa na mtunzi Beethoven, naye akamfundisha Liszt, mpiga piano na mtunzi kutoka Hungaria. Vitabu vingi vya historia ya muziki humtaja kwa sentensi hiyo moja kisha vikampita.

Kwa kawaida huelezwa kama mtunzi wa kiwango cha chini aliyefundisha ili apate riziki. Mimi naona mambo yamegeuzwa kichwa chini. Alikuwa mwalimu wa daraja la juu kabisa, na sehemu kubwa ya alichoandika alikiandika akiwa na mwanafunzi kichwani: huyu wa miaka saba, yule ambaye mkono wa kushoto ni mzito, yule anayetaka kung'ara sebuleni mbele ya wageni. Ukimsoma hivyo, mengi yanayoonekana ya ajabu kwake yanaeleweka.

Jina lake linatamkwaje?

Tamka "Cherni", mkazo uwe kwenye silabi ya kwanza. Ni jina la Kicheki.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Baba yake, Wenzel, alikuwa mtu wa Bohemia, sehemu ambayo leo iko Chekia. Alipiga piano, ogani na zumari la oboi, alifundisha, na pia alitengeneza piano zilizoharibika. Nyumbani kilizungumzwa Kicheki, na Carl mwenyewe anasema Kijerumani hakikumkaa vizuri mpaka alipokaribia miaka kumi, ingawa alizaliwa katika mji wa Kijerumani. Alipokuwa mtoto mchanga wazazi walihamia Polandi, baba alikopata kazi ya kufundisha piano, wakarudi Vienna mwaka 1795.

Alikuwa mtoto wa pekee, na wazazi walimlinda kama mboni ya jicho. Hakuachwa acheze ovyo na watoto wa jirani. Kucheza kwake kulikuwa piano: alianza akiwa na miaka mitatu, akaanza kuandika vipande vyake akiwa na saba, na mwaka 1800, akiwa na miaka tisa, alipiga mbele ya watu konserto (kazi ya mpigaji mmoja na okestra) ya Mozart ya C maina. Baba alimlisha Bach, Mozart na Clementi, na akahakikisha anasoma nota mpya kila siku badala ya kukariri vipande vichache vya kuwafurahisha wageni. Tabia hiyo ya kusoma kila kitu haikumtoka maisha yake yote.

Ilikuwaje akawa mwanafunzi wa Beethoven?

Hapa tuna bahati, kwa sababu Czerny aliandika kumbukumbu za maisha yake mwaka 1842, na siku ile ameieleza kama mtu anayeiona bado.

Alikuwa na miaka kumi hivi. Mpiga fidla mmoja, Wenzel Krumpholz, rafiki wa familia aliyemhusudu Beethoven, aliwapeleka baba na mwana hadi nyumba ya ghorofa nyingi katika mtaa wa Tiefer Graben. Walipanda ngazi mpaka juu kabisa. Chumba walichokikuta kilikuwa shaghalabaghala: karatasi na nguo zimetapakaa, masanduku huku na huku, kuta tupu, na kiti cha maana ni kile kilichokuwa mbele ya piano, nacho kilikuwa kinayumba. Ndani kulikuwa na watu kadhaa, akiwemo Süssmayr, yule aliyemalizia misa ya wafu ya Mozart.

Beethoven alikuwa amevaa koti la kijivu la manyoya marefu na suruali ya namna hiyohiyo, ndevu hazijanyolewa kwa siku kadhaa, nywele nyeusi zimesimama. Mtoto alimfananisha mara moja na picha za Robinson Crusoe. Kisha aliona jambo ambalo watu wazima huenda walilipuuza: masikioni mwa Beethoven kulikuwa na pamba iliyochovywa kwenye kitu cha majimaji cha rangi ya manjano. Wakati ule, anasema Czerny, hakuna dalili ya uziwi iliyoonekana kwake. Kwetu sisi tunaojua yaliyofuata, pamba ile inasema mengi.

Carl alipiga konserto ya Mozart ya C meja, ile inayoanza kwa sauti nzito zinazopigwa kwa pamoja. Beethoven akasogea karibu, na pale mtoto alipokuwa na vipande vya kusindikiza tu, yeye akaipiga melodia ya okestra kwa mkono wa kushoto. Kisha mtoto akapiga sonata ya Beethoven mwenyewe iitwayo Pathétique, iliyokuwa imechapishwa muda mfupi tu kabla, na mwisho akasindikiza wimbo wa Adelaide huku baba yake akiimba sauti ya tenori, ile ya juu ya wanaume. Beethoven akamgeukia baba, akasema mtoto ana kipaji na atamfundisha mwenyewe. Aletwe mara kadhaa kwa wiki. Ila kwanza kitafutwe kitabu cha Carl Philipp Emanuel Bach kuhusu namna sahihi ya kupiga kinanda, na aje nacho somo lijalo.

Beethoven alimfundisha nini?

Skeli, yaani nota zinazopanda na kushuka kwa mfuatano. Masomo ya mwanzo yalikuwa skeli katika funguo zote, mkao wa mkono, mkao wa vidole, na zaidi ya yote matumizi ya kidole gumba, jambo ambalo wapigaji wengi wa wakati ule walikuwa hawalitilii maanani. Kisha wakaingia mazoezi ya kitabu cha Bach, na hapo Beethoven akasisitiza kuunganisha sauti: nota moja imwagikie inayofuata bila pengo. Czerny anaeleza kwamba wapigaji wengi wa Vienna, waliokulia kwenye mtindo wa Mozart, walikuwa bado wakipiga kwa kukatakata. Mtindo wa kuunganisha aliuchukua kutoka chanzoni.

Masomo hayakudumu miaka mingi. Beethoven alizama katika kutunga na kuahirisha vipindi, na baba hakuweza tena kumsindikiza mtoto kwa sababu saa hizohizo ndizo alizofundisha apate mkate. Lakini uhusiano haukukatika. Czerny alizijua kazi za piano za Beethoven kwa kichwa, na mwaka 1812 ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza Vienna konserto ya tano, ambayo Beethoven hakuweza tena kuipiga kwa sababu ya masikio.

Mbona hakuwa nyota wa majukwaani?

Safari ya kupiga piano nje ilipangwa mwaka 1805, na Beethoven akamwandikia hati ya kumsifu mwezi Desemba mwaka huo. Lakini majeshi ya Napoleon yalikuwa yameshaingia Vienna mwezi uliotangulia. Safari ikavunjika.

Vita haikuwa sababu pekee. Czerny alikiri kwamba uchezaji wake ulikosa ule ulaghai wa kupendeza ambao wapigaji wasafiri huwa nao. Alikuwa mpole, mwenye kuwategemea wazazi wake, na wao walikuwa wakizeeka. Akaamua kukaa. Baadaye alisafiri kidogo, Leipzig mwaka 1836, Paris na London mwaka 1837, Italia ya kaskazini mwaka 1846, lakini si kama mtu anayetafuta makofi.

Alifundisha kwa kiasi gani?

Kwa kiasi cha kutisha. Alianza kupokea wanafunzi akiwa na miaka kumi na mitano, na sifa zake zilipoenea akawa anafundisha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, masomo kumi mpaka kumi na mawili kwa siku, katika nyumba za matajiri na wakuu wa Vienna. Aliendelea hivyo mpaka mwaka 1836 alipoacha kufundisha kwa malipo. Kutunga alikufanya jioni baada ya yote hayo. Mwalimu yeyote aliyewahi kusikiliza wanafunzi sita mfululizo wakikosea mstari uleule anajua kwamba saa mbili usiku kichwa hakitungi simfonia, kinataka kulala.

Ni kweli waligombana na Beethoven?

Si ugomvi, ni karipio moja kali. Mwezi Februari 1816 Czerny alipiga katika tamasha kwinteti (kazi ya ala tano) ya Beethoven ya piano na ala za kupuliza. Kwa ujana wake, kama alivyosema baadaye, alijiongezea mapambo: akapandisha oktava hapa, akazidisha ugumu pale. Beethoven alimwakia mbele ya wenzake wote. Kesho yake akamwandikia barua ya kuomba radhi, akisema alijutia kufoka kwake, lakini mtunzi asamehewe ikiwa angependa kusikia kazi yake jinsi alivyoiandika, hata kama imepigwa vizuri namna gani. Czerny alisema barua hiyo ilimponya kabisa ugonjwa wa kubadilisha kazi za watu.

Mwaka huohuo Beethoven alimkabidhi mpwa wake Karl amfundishe piano, akampa na maelekezo ambayo ningependa yabandikwe ukutani katika kila chumba cha masomo. Mtoto akishaweza mpangilio wa vidole, akashika mapigo na kusoma nota bila makosa makubwa, usimkatize kwa sababu ya makosa madogo. Mwache amalize kipande, kisha ndipo umwonyeshe. Kwa njia hiyo, alisema Beethoven, hupatikana mwanamuziki.

Beethoven alipozikwa mwezi Machi 1827, Czerny alikuwa miongoni mwa wabeba mienge.

Na Liszt?

Asubuhi moja ya mwaka 1819, Adam Liszt alimleta mwanawe wa miaka minane. Czerny aliona mtoto aliyepauka, dhaifu, aliyeyumba kwenye kiti kama mlevi hata akahofu ataanguka. Uchezaji wake ulikuwa vurugu: hakuwa na habari ya mpangilio wa vidole, aliitupa mikono popote ilipoangukia. Hata hivyo kipaji kilimshangaza. Alimpa nota za kusoma papo hapo, mtoto akazipiga. Alimpa melodia aijenge kwa kubuni, na bila kujua kanuni hata moja ya upatanifu wa sauti, mtoto akaijenga kwa akili.

Familia ya Liszt ilipohamia Vienna kutoka Hungaria, masomo yakaanza kwa dhati, karibu kila jioni, bure. Mwalimu mwingine angemwachia farasi huyo akimbie. Czerny alimrudisha kwenye skeli katika funguo zote, mapigo imara, mguso safi, kisha sonata za Clementi. Mtoto hakufurahia, maana alizoea kusifiwa. Lakini baada ya miezi michache misingi ilikuwa imekaa, ndipo akafunguliwa Hummel, Ries, Moscheles, Beethoven na Bach, na akazoezwa kusoma nota asizowahi kuziona mpaka akawa anasoma kazi ngumu hadharani kana kwamba alizipitia kwa muda mrefu. Tarehe 1 Desemba 1822 Liszt alijitokeza rasmi mbele ya watu wa Vienna. Mwaka uliofuata baba yake akamchukua kwenda kumtembeza Ulaya. Czerny hakuficha kwamba aliona amechukuliwa mapema mno.

Liszt hakusahau. Alipokamilisha mazoezi yake makubwa kumi na mawili, yale ambayo mpaka leo hutenganisha wapigaji na wapigaji, na kuyachapisha mwaka 1852, aliyatunuku kwa Czerny. Watu hushangaa kuona jina la mwalimu wa skeli kwenye ukurasa wa mbele wa kazi kama hiyo. Wasishangae. Zile mbio za vidole za Liszt zinasimama juu ya gumba lililofunzwa kupita chini ya mkono.

Wanafunzi wake wengine?

Theodor Leschetizky, Theodor Kullak, Theodor Döhler, Stephen Heller kwa muda mfupi, Ninette de Belleville. Leschetizky aliishi mpaka 1915 na akawafundisha wapiga piano Paderewski na Schnabel, kwa hiyo mnyororo wa kutoka Beethoven kupitia Czerny unafika mpaka kwenye enzi ya santuri. Ila tuwe waangalifu na fahari hizi za ukoo wa walimu. Mpigaji wa leo akijigamba kwamba yeye ni kizazi cha sita kutoka Beethoven, msikilize kwanza.

Kazi zaidi ya 1,000? Iliwezekanaje?

Namba za kazi zake zinafika Op. 861 (Op. ni opus, namba ya kazi iliyochapishwa), na nyingi kati ya namba hizo zina vipande thelathini, hamsini au mia ndani yake. Kuna nyingine zilibaki bila namba. Mwingereza aliyemtembelea katika miaka ya 1840 alisimulia kwamba Czerny aliweka madawati kadhaa chumbani, kila moja na kazi yake. Akimaliza ukurasa hapa, anauacha wino ukauke na kuhamia dawati la pili. Hadithi hiyo imerudiwa sana, mara nyingi kwa kejeli.

Tusisahau upande wa soko. Opus 1 ilitoka akiwa kijana, kisha zikapita zaidi ya miaka kumi ya kimya mpaka 1818, wachapishaji wa Cappi na Diabelli walipoanza kumchapisha na kugundua kwamba kazi zake zinauzika. Familia za tabaka la kati Vienna, London na Paris zilikuwa zinanunua piano, na kila piano ilitaka nota: melodia za opera iliyotamba msimu huo zikigeuzwa variesheni (melodia ileile ikirudiwa kwa sura mbalimbali), vipande vya watu wawili kwenye piano moja, hata vya watu watatu. Wachapishaji waliagiza, naye hakujua kukataa. Mwenyewe aligawa kazi zake mafungu manne: mazoezi, vipande vyepesi vya wanafunzi, vipande vya kung'aria kwenye tamasha, na muziki mzito. Fungu la nne ndilo alilolithamini kuliko yote, na ndilo lililochapishwa kidogo kuliko yote.

Kwa nini alitunga mazoezi mengi hivyo?

Piano yenyewe ilikuwa inabadilika mikononi mwake. Ala aliyoizoea utotoni ilikuwa na oktava tano hivi. Alipofariki, piano ilikuwa imepita oktava sita na nusu, imeongezewa chuma ndani, imekuwa nzito na yenye sauti kubwa. Muziki nao ukabadilika: nota zikaongezeka, kasi ikapanda. Mwanafunzi wa 1830 hakuweza tena kuvipata vidole vyake kwa kupiga sonata za zamani peke yake. Czerny aligawanya ugumu huo vipande vidogovidogo na kuupa kila mmoja zoezi lake: gumba, kurudia nota moja haraka, kuvuka mikono, kuuimarisha mkono wa kushoto katika Op. 718.

Nianze na kitabu kipi?

Op. 599 ni cha mtu anayeanza, vipande 100. Kurasa za mwanzo huweka mikono yote miwili kwenye ufunguo wa juu (alama ya nota za juu mwanzoni mwa mstari), na ufunguo wa besi, alama ya nota za chini, huja baadaye. Wengi hulalamika kwamba hilo huchelewesha kusoma besi, nami nakubaliana nao. Mwanafunzi wangu huanza besi mapema kwa kitabu kingine, huku Op. 599 ikiendelea pembeni.

Kinachofuata kwa kawaida ni Op. 849, kisha Op. 299, mazoezi 40 ya kasi, ndiyo maarufu kuliko yote. Op. 740, mazoezi 50, ni ya aliyekwisha komaa. Usirukie Op. 299 kwa sababu tu jirani yako yuko huko. Pia si lazima umalize kitabu. Wanaojiandaa kwa mitihani ya piano ya bodi za Uingereza hapa Afrika Mashariki hukutana na Czerny katika orodha za vipande, zoezi moja moja, na hiyo ni njia nzuri ya kumtumia.

Zoezi la kwanza la Op. 299 ni skeli tu. Kuna muziki gani hapo?

Lifungue tulitazame. C meja, mkono wa kulia unakimbia kwa nota ndogondogo, mkono wa kushoto unapiga sauti fupi za pamoja. Mwanafunzi huona mkono wa kulia tu, akaufukuza mpaka mkono ukakakamaa.

Anza na wa kushoto. Piga zile sauti peke yake, polepole, usikilize zinavyotoka nyumbani, zinavyotia hamu ya kurudi, na zinavyorudi. Ni mwenendo uleule wa tenzi za kanisani. Sasa imba juu yake nota ya kwanza ya kila pigo la mkono wa kulia, ziache nyingine zote. Utapata melodia nyepesi inayopanda na kushuka. Ukishaisikia, rudisha nota ndogo zilizobaki. Mkono ukijua unakokwenda hukaza kidogo sana.

Hapa ndipo Czerny anapotofautiana na Hanon, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Hanon anakupa umbo moja la vidole ulirudie ukipanda na kushuka, na unaweza kulipiga huku unawaza chakula cha jioni. Czerny ana sentensi zenye mwanzo na mwisho, ana kupumua, ana alama za nguvu na ulaini ambazo watu huzipuuza kabisa.

Kasi zilizoandikwa mbona haziwezekani?

Alama nyingi za metronomu (kifaa cha kupimia kasi) katika Op. 299 ni za kasi ya kutisha. Kumbuka aliziandika kwa piano za Vienna, ambazo vibonyezo vyake vilikuwa vyepesi na vilizama kidogo kuliko vya piano ya leo. Zichukue kama mwelekeo. Robo tatu ya kasi hiyo, mkono ukiwa laini na kila nota ikisikika, ni kazi nzuri. Ukisikia maumivu kwenye kiganja au mkono wa mbele, simama, hata kama ukurasa haujaisha.

Nina kinanda cha umeme cha vibonyezo 61. Naweza?

Op. 599, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Op. 299 utaanza kukosa nota juu na chini, na vibonyezo vya plastiki visivyo na uzito vitakuzoesha mguso ambao piano halisi itaukataa. Wengi wanaopiga kanisani wako katika hali hii. Piga unachoweza, na ukipata piano hata mara moja kwa wiki, peleka huko zoezi lilelile usikie tofauti.

Aliandika chochote cha kusoma, si cha kupiga tu?

Ndiyo, na nadhani hapa ndipo alipo bora. Op. 500, ya mwaka 1839, ni maelezo makubwa ya sanaa nzima ya piano, na juzuu aliloliongeza baadaye linaeleza namna ya kupiga kazi za Beethoven, zikiwa na kasi kama alivyozikumbuka. Wapigaji hubishana nalo mpaka leo. Aliandika pia barua za mafunzo kwa msichana wa kubuni, Cecilia, wa miaka kama kumi na miwili anayeishi mbali na mji. Ni za upole, za kina, zinajua mtoto anachoka lini.

Op. 200, ya mwaka 1829, inafundisha kubuni papo hapo: jinsi ya kufungua kwa kipande kifupi kabla ya kazi kubwa, jinsi ya kuchukua melodia moja na kuijengea nyumba. Mpiga kinanda wa kanisa ambaye kila Jumapili hujaza dakika mbili wakati sadaka inapita angefaidika nayo kuliko na Op. 299.

Watunzi wengine walimwonaje?

Schumann alimponda, akiandika kwamba ni vigumu kupata ufilisi mkubwa wa ubunifu kuliko wa Czerny. Chopin, aliyekutana naye Vienna, alimwona mtu mwema na mchangamfu kuliko tungo zake zote. Maneno yao si ya kutupwa, kwani baadhi ya zile variesheni za opera ni maji matupu.

Upande wa pili, Brahms alimwandikia Clara Schumann mwaka 1878 kwamba Op. 500 inafaa kusomwa, hasa kwa yanayomhusu Beethoven, na kwamba mtu huyu anastahili heshima zaidi. Stravinsky, aliyejizoeza kwa vitabu vyake akiwa mtu mzima, alisema alimpenda Czerny mwanamuziki kuliko Czerny mwalimu. Debussy alimtania: zoezi lake la kwanza kati ya 12 ya mwaka 1915, la vidole vitano, limeandikwa kuwa ni kwa kumfuata Bwana Czerny. Linaanza kwa nota tano za adabu zinazopanda na kushuka, kisha nota moja isiyohusika inadonoa kutoka pembeni, mara ya pili tena, mpaka adabu yote inasambaratika.

Nisikilize nini ili nimjue Czerny asiye wa mazoezi?

Anza na variesheni za La Ricordanza, Op. 33, juu ya melodia ya Rode. Mpiga piano Vladimir Horowitz alizirekodi, na hakuna anayezisikia akakisia ni za nani. Kisha sonata ya kwanza, Op. 7, ambayo Liszt aliipiga na kuipenda, na inayofunga kwa fugi, muziki ambao sauti huigana zikifuatana. Konserto ya watu wawili kwenye piano moja pamoja na okestra, Op. 153, ni ya furaha tupu. Simfonia ya kwanza, Op. 780, iko katika C maina, na kivuli cha mwalimu wake kinaonekana wazi, lakini si mwigo.

Alioa?

Hakuoa. Aliishi na wazazi wake mpaka walipofariki, mama mwaka 1827 na baba mwaka 1832, kisha akaishi peke yake na paka wengi. Alikufa tajiri. Mali yake aliigawa kwa mashirika ya hisani, ikiwemo taasisi ya viziwi, kwa mtumishi aliyemtunza nyumbani, na kwa Chama cha Marafiki wa Muziki cha Vienna.

Nota zake ni bure?

Tungo zenyewe hazina tena hatimiliki, maana amefariki tangu 1857, na matoleo ya zamani yaliyopigwa picha yanapatikana mtandaoni bila malipo. Toleo jipya lililohaririwa karibuni linaweza kulindwa kwa mpangilio wa vidole na maelezo ya mhariri. Ukichapa toleo la zamani, angalia kama ni la Germer: Heinrich Germer alichagua mazoezi kutoka vitabu mbalimbali vya Czerny na kuyapanga upya, hivyo namba hazitalingana na Op. 599 wala Op. 299 anazokutajia mwalimu wako.